Mzimu Uliooga

Jumatatu, 4 Machi
Kamati ya kutafsiri maandiko. Saa tatu nzima kwa neno moja! Katika tafsiri ya zamani ya lugha yetu, Roho Mtakatifu kapewa jina ambalo kila mtoto wa nyumbani anajua maana yake: mzimu uliooga. Uliooga! Nikasema tubadilishe. Mwenyekiti — wafasiri tunamwita Kamusi, maana kamusi haimtoki kwapani — akakohoa. Eti waumini wamezoea. Eti kamusi imethibitisha. Kamusi yenyewe kaiandika mgeni aliyekaa kwetu miezi minane.

Jumatano, 6 Machi
Nimemsomea mama sura nzima, kitandani kwake wodini. Kacheka mpaka muuguzi akaja kuona kulikoni. "Mwanangu, huo mzimu umeogea wapi?" Halafu akanieleza. Kumbe miaka yote kanisani, ikifika sehemu hiyo, alikuwa akifumba macho na kuomba usimguse. Miaka sitini!

Ijumaa, 8 Machi
Nikamweleza Kamusi habari za mama. Akatabasamu kama anayembembeleza mtoto. Eti mama anaumwa, tusimchoshe na isimu. Isimu! Nikamwuliza, kwa lugha yetu, kama amekunywa chai.

"Hoja nzuri," akasema. "Tutaijadili."

Loo! Miaka tisa anakalia kile kiti, anajidai mtoto wa nyumbani, na hajui hata kuulizwa chai! Wenzangu wakainamia makaratasi. Walijua. Wote walijua. Majoga wakubwa.

Jumapili, 10 Machi
Mwenyekiti kaja wodini, suti na kamusi, kumwombea mama. Nani kamwita? Asubuhi daktari aliniambia: siku chache tu. Mama sijamwambia. Ulimi mzito — mimi, mfasiri!

Kamusi akasoma kwa lugha yetu, kama anatafuna changarawe. Alipomaliza, mama akamshika mkono. Akamwuliza kwa lugha ileile, polepole, neno kwa neno: yeye ni mtu wa Mungu, hatamdanganya. Je, yeye mgonjwa anakufa?

Kamusi akampapasa kiganja, meno yote nje. "Amina, mama. Amina!"

Mama akamwachia mkono. Akanigeukia mimi. Kamusi naye akanigeukia, bado anachekelea: "Amesemaje?"

Nikasema naenda kumwita muuguzi. Uongo. Nipo hapa kwenye benchi la korido na daftari hili, na mlango nimeuacha wazi. Hakuna anayezungumza mle ndani. Wananisubiri, wote wawili.