Risasi Isiyolia

Jumanne, Bugolobi

Neno lenyewe ndilo limeniponza. Ningesema sumu tu, yangeisha.

Leo maabara wamenipa majibu ya maji niliyoyachota kisimani kwa Mama, kule kijijini wanakochimba dhahabu. Nikampigia simu papo hapo, nimesimama kando ya barabara. "Mama, maji yenu yana risasi."

Akauliza, "Nani amepiga?"

Mjane wa mwanajeshi. Ndoa yake yote aliishi kambini, kwake neno hilo lina maana moja. Nikamweleza kwamba hii ni madini, haionekani, inaharibu figo na kudumaza akili za watoto, na kuchemsha maji hakuiondoi. Akasema maji yake huyachuja kwa kitenge na hajaona kitu. Nikampazia sauti. Mama yangu, mbele ya watu wa bodaboda!

Si yeye niliyemkasirikia. Nilimkataza maji hayo, lakini sikuweza kumwambia anywe yapi. Kisima kingine kiko ng'ambo ya kilima, na magoti yake...

Hapa chumbani nina dumu la maji ya kununua. Linanitosha wiki nzima, maana hakuna mwingine wa kuyanywa.

Kabla hatujaagana alisema polepole, bila kulaumu: "Kambini, ukisikia risasi unalala chini. Sasa hii isiyolia, mwanangu, nilale wapi?"

Nikamwambia simsikii, mtandao unasumbua. Ulikuwa safi kabisa.