Taa Nyekundu Iliyofunikwa na Theluji

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi cha Sokoni, Kokshetau

Jina: Raushan Ospanbek. Umri: miaka 14. Kazi: mwanafunzi wa darasa la nane. Makazi: Mtaa wa Ghala, nyumba namba 17. Mama yake, Gulnar, yupo.

Mnamo tarehe 11 Februari, saa 2:10 asubuhi, nilikuwa kwenye njia panda ya kinu cha unga na daftari langu la fizikia. Kila theluji inapoanguka, mimi huandika hali ya taa za barabarani za pale. Taa hizi mpya za LED hazitoi joto kama balbu za zamani, kwa hiyo theluji inayoletwa na upepo hugandia kwenye kioo bila kuyeyuka.

Fundi wa taa, dada Zhibek, alikuwa amekubali tujaribu dawa yangu ya kuzuia theluji kwenye taa moja tu, ya kaskazini. Yeye ndiye aliyepanda ngazi. Dawa ni mafuta ya mkia wa kondoo. Mara ya kwanza tulipaka mengi, ndege wakashinda wanadonoa. Dada Zhibek akasema, "Umewafungulia hoteli!" Mara ya pili tulipaka kidogo sana, na theluji ikawa inateleza.

Asubuhi hiyo basi namba 4 la Mzee Sapar lilitokea kaskazini. Taa yake niliiona vizuri: kijani. Gari la mikate la Bolat lilitokea mashariki, ambako taa ilikuwa imezibwa yote na theluji. Kaskazini ikiwa kijani, mashariki huwa nyekundu. Bolat hakusimama. Alipoliona basi alikata usukani akaingia kwenye lundo la theluji. Hakuna aliyeumia, ila mlango wa nyuma ulifunguka na mikate ikamwagika.

Bolat alishuka akifoka, "Mzee, umepita nyekundu! Macho umeyaacha nyumbani?"

Mzee Sapar akajibu, "Mwanangu, miaka 31 niko barabarani. Nyekundu naijua kuliko mke wangu."

Abiria walicheka. Askari wa barabarani aliyefika alimwamini Bolat, akachukua leseni ya Mzee Sapar akaondoka, na mzee akabaki anapapasa mfuko wa koti.

Nilimwendea Bolat nikamwambia, "Mjomba, njoo usimame hapa ulipotokea. Tazama juu."

Alitazama. "Ala! Imevaa kofia mpaka kidevuni!" Kisha akaokota mkate, akaupangusa, akaupeleka kwenye dirisha la basi. "Nisamehe, mzee wangu. Shika, bado wa moto." Abiria wote walipata. Nami nilipata.

Lakini leseni ilikuwa imeshakwenda, ndiyo sababu nimekuja. Sitaki Bolat naye aadhibiwe kwa taa asiyoweza kuiona, ingawa alipaswa kupunguza mwendo. Naomba taa tatu zilizobaki zipakwe pia. Mafuta yapo nyumbani, mama amekubali.

Niliyoyasema ndiyo niliyoyaona. Nimesomewa, nimeridhika.

Sahihi: R. Ospanbek

Maelezo ya afisa: Nimefika njia panda. Taa ya kaskazini ni safi, tatu zimeziba. Leseni nimemrudishia Sapar saa 4:20 asubuhi. Alimbusu shahidi kwenye paji la uso. Fundi Zhibek yuko njiani. Shahidi nimemwandikia barua ya kuchelewa shuleni. Ameomba niongeze saa moja, amshikie fundi ngazi. Nimeongeza.

Sajini M. Tulegenov