Kituo cha Nne

Kaka Sahil, shikamoo.

Mama anakula vizuri, ila hataki kulishwa na mtu mwingine. Jana mchana alisinzia, nikatoroka. Nilivaa kofia, nikajiunga na watalii wanaotembezwa kwa miguu mitaa ya zamani, nikajifanya mgeni kutoka Dodoma. Matembezi yanaishia ziwani, na mimi nina miaka miwili sijaligusa ziwa.

Kituo cha nne kilikuwa nyumba yetu.

“Humu wamebaki wawili tu,” alisema Ngosha, muongozaji wetu. “Mama mzee na binti yake. Wengine walihama.”

Mama akaita kutoka juu: “Sheetal!”

Watalii walinipiga picha nikifungua mlango, kisha wakaendelea kwenda ziwani.

Kaka, ulisema unakuja Juni. Juni ya mwaka gani?

Mdogo wako,
Sheetal