Nyama ya Vicheche Naipika kwa Siri, na Jumamosi ni Sindano

Mpendwa mama mshauri,

Naomba msaada, na hilo neno limenitoka kwa shida kama mwiba wa samaki kooni, sababu mimi sijazoea kuomba, mimi niko mtu wa kuombwa, uliza kanisa letu lote hapa Durban, mwenye ndoa mbovu anakuja kwangu, mwenye mtoto mkaidi anakuja kwangu, nami ninamgombeza mpaka anarudi kwake amepona ao amechukia, kwangu yote sawa. Nilisoma mpaka la tatu tu, mwandiko wangu ni kama kuku amepita penye majivu, hilo unisamehe. Mengine usinisamehe upesi, kwanza soma.

Ninakaa Overport na mjukuu wangu. Jina langu usiliandike gazetini. Yeye anaitwa Anaïs. Mama yake, Valérie, alikuwa binti yangu, tulimzika mwaka na nusu sasa, na tangu mazishi Anaïs alikuwa anakula, anaenda kazi, anarudi, anasema "ndiyo Koko", "hapana Koko", Koko ni mimi bibi yake, lakini kucheka hapana, mwaka mzima mtoto hakucheka, nilimwombea, nilifunga kula kwa ajili yake, nilimgombeza pia, unajua mimi dawa yangu ni hiyo.

Basi boss wake kule Westville akahamia ng'ambo akamwachia wanyama wawili, warefu kama soksi iliyojazwa mchanga, uso wa panya aliyesoma shule, Kiingereza wanaita feret. Nilipomuuliza jirani yetu Mama Amne, yeye ni Mtanzania, jina lao kwa Kiswahili kizuri, akaniambia ni kama kicheche, akacheka peke yake, sikujua anacheka nini. Anaïs akawapa majina, mmoja Sharp, mwingine Eish. Nikasema hapa ndani hawalali. Wakalala. Nikasema kitandani hawapandi. Wakapanda.

Halafu siku moja huyo Eish akaingia chumbani kwangu akaiba meno yangu. Ndiyo, meno ya bandia, yalikuwa kwenye glasi, mnyama anayo yake kinywani akabeba na yangu, akakimbia nayo chini ya kabati, nami mama mzima nikalala kifudifudi na ufagio ninalia "Ludifa meno yangu, fetani weye!" sababu bila meno maneno mengine yananitoka kama upepo wa tairi, nikasikia kelele nyuma yangu, nikageuka, ni Anaïs, amejishika tumbo, anacheka mpaka amekaa chini sakafuni. Mwaka mzima wa maombi, mama, na aliyejibu ni mwizi wa meno. Tangu siku ile nikasema hawa watakaa, hata wakiiba na kitanda.

Sasa shida. Walikuwa wanakula biskuti kavu za paka, na mwezi wa pili wa kukaa kwetu wakaanza kuhara, wakakonda, manyoya yakadondoka mkiani. Anaïs akawapeleka kwa munganga wa wanyama, akaambiwa biskuti zile zimejaa mahindi na tumbo la hawa ni la nyama tu, wabadilishiwe polepole, wapewe nyama mbichi, mioyo ya kuku, firigisi, shingo na mfupa wake, yote mbichi. Anaïs akanunua, akakatakata, akapanga kwenye vikopo ndani ya frigo, akaniambia, "Koko, mimi ninatoka asubuhi na taxi ya kwanza, mchana wa kuwalisha ni wewe. Usiongeze kitu."

Usiongeze kitu! Mimi! Mama, kwetu Uvira nilikuwa na restaurant karibu na bandari, meza sita, watu wa mashua walikula kwangu, askari walikula kwangu na wakalipa, na askari kulipa unajua si kitu kidogo. Kwetu ukimwekea mtu kitu kibichi mbele yake umemwambia toka kwangu, ujipikie. Hata mbwa wa Uvira alipata bugali iliyoiva. Siku ya kwanza nikachukua kikopo, nikaangalia ile mioyo midogo, imelala kwenye damu, na Sharp amesimama na miguu miwili ananingoja kama mgeni wa heshima, nikasema hapana, Mungu hakutupa moto kwa bure. Nikaweka sufuria. Nikasema nitachemsha tu. Halafu maji matupu yakanitia haya. Nikatia kitunguu. Halafu kitunguu bila nyanya ni nini? Nikatia nyanya, na mafuta ya mawese kidogo, na chumvi ya vidole viwili, shingo nikaichemsha mpaka mfupa ukalegea. Wakalamba sahani, mama, wakalamba na vidole vyangu, na mimi mjinga nikafurahi kama nimesifiwa na askofu. Kesho yake nikaongeza kitunguu.

Hivyo wiki tano. Jioni Anaïs anarudi, anawawekea yake mbichi, wananusa, wanageuza shingo, wananitazama mimi. Mimi ninatazama televisheni. Anaïs anasema, "Koko, mbona hawaipendi?" nami ninajibu, "Pengine ni wanyama wa kizungu, wanachagua." Uongo huo nilitoa bila kupepesa jicho, mimi ninayewasimamisha wamama wa kwaya kwa kusema wamechelewa sababu ya robot, zile taa za barabarani, kumbe walikuwa saluni.

Wakaanza kulegea. Ufizi wa Sharp umekuwa mweupe kama karatasi, mkojo mweusi kama chai, miguu ya nyuma inatetemeka. Mpaka nikasimama kanisani nikasema, ndugu, tuwaombee vicheche wawili wanaolala kitandani kwa Anaïs, wako na hali mbaya. Wamama wa Tanzania wakaangaliana. Hakuna aliyesema amina.

Alhamisi iliyopita munganga akapiga simu, Anaïs akaiweka kwa sauti kubwa sababu mikono yake ilikuwa imembeba Sharp. Munganga akauliza, Kiingereza hicho kidogo ninakisikia, je, wamekula kitu cha kupikwa? Kitunguu? Vitunguu ni sumu kwao. Na Anaïs akajibu kwa kucheka kidogo, "Hapana, daktari. Koko yangu ndiye anawalisha, na Koko anafuata kila kitu kama Biblia."

Nilikuwa nimesimama pale pale, mama. Mikono yangu ilikuwa inanuka kitunguu.

Sikusema. Kinywa hiki, ambacho hakijawahi kunyamaza hata kwenye mazishi ya mume wangu, kilinyamaza. Munganga akasema basi kama si chakula pengine ni uvimbe ndani, na nyama mbichi haikusaidia, waletwe Jumamosi ya wiki inayofuata wachomwe sindano ya kulala wasiteseke. Anaïs amenunua blanketi mpya ya kuwafungia. Ananiambia, "Nimejaribu kila kitu, Koko, hata nyama mbichi." Hajajaribu, mama. Hiyo nyama mbichi kwa kweli hawajaila, ninajua mimi peke yangu, mimi na sufuria.

Kitunguu nimeacha tangu Alhamisi. Kuchemsha bado ninachemsha kidogo, maji matupu, mkono unakataa kuweka kibichi, nifanyeje. Mawazo yangu ni haya: nianze kuwapa mbichi kimya kimya, wakipata nguvu kabla ya Jumamosi nimshukuru Mungu pamoja na Anaïs kama mtu asiyejua kitu. Ao nimwambie. Lakini sijawahi kumwomba mtoto pardon, hata mama yake sikumwomba, na yako mambo ningeweza kumwomba. Na ninaogopa akijua ni mimi, ule mucheko unarudi kulekule ulikokuwa, na safari hii hakuna wa kuniibia meno.

Nisaidie, lakini usinigombeze sana, hiyo ni kazi yangu.

Koko wa Overport

(Cathy wa saluni ya chini ndiye amepiga picha hii barua na kukutumia, simu yangu haijui.)

*

Mdogo wangu wa Overport,

Mimi nina miaka sabini na moja, kwa hiyo leo utagombezwa wewe, utulie.

Kwanza lile neno. Kicheche ni mnyama kweli, Amne hakukudanganya. Lakini kwetu Tanzania mitaani kicheche ni mwanamke asiyechagua wanaume. Umesimama kanisani ukatangaza kwamba mjukuu wako analala na wawili na wana hali mbaya. Jumapili ijayo waeleze wamama hao, kabla hawajaanza kumtafutia binti wa watu kikao.

Nilicheka mpaka nikavua miwani. Nilipofika kwenye ile simu ya daktari nikaacha kucheka.

Kupika sikulaumu. Ulilelewa hivyo, nami nililelewa hivyo. Mama yangu kule Tukuyu angechemsha hata maji ya mvua. Siku ya kwanza ilikuwa huruma, na ya pili labda mazoea. Kuanzia siku ya tatu ulikuwa unapikia sifa, maana sahani ikilambwa unajiona uko bandarini na meza zako sita. Vile viumbe vilikuwa wateja wako wa mwisho. Nakuelewa. Lakini mteja akianza kukojoa mweusi, mama ntilie yeyote mwenye akili anazima jiko.

Nimempigia daktari wa wanyama ninayemfahamu, kwa sababu mimi pia si msomi na sijifanyi. Anasema kitunguu kinavunja damu ya wanyama hao, kiwe kibichi, kikaangwe au kiive mpaka kiyeyuke. Ufizi mweupe, mkojo mweusi, miguu kutetemeka, vyote vinaweza kutoka humo. Anasema mfupa wa kuku ulioiva unachanika vipande vyenye ncha na kuwatoboa utumbo, kwa hiyo shukuru kwa hilo moja kwamba bado wako hai. Anasema daktari wao akiambiwa ukweli mapema atapima damu, na wapo wanaotibika. Wapo wasiotibika pia. Sitakuahidi kitu, mimi siuzi maombi.

Sasa ile hila yako ya kuwabadilishia kimya kimya. Itupe. Mnyama aliyelegea hivyo usimgeuzie chakula kwa kubahatisha, tena ukiwa unajificha, huku daktari anatibu uvimbe ambao huenda haupo. Na wasipopata nguvu, je? Jumamosi utambebea Anaïs lile blanketi? Utasimama pale, sindano ikiingia, useme "Mungu amependa"? Mungu hakuwa jikoni kwako. Ulikuwa wewe.

Unasema unaogopa atakasirika. Atakasirika. Anayo haki, na hasira yake hutaipangia muda wala sauti. Lakini fikiri kidogo. Mtoto huyu alimzika mama yake, na katika lile hakuna alichoweza kufanya. Leo ameletewa jambo la pili, naye anaamini tena kwamba amefanya yote na yamegonga ukuta. Si kweli. Kipo cha kufanya, nawe umekifungia kwenye aproni kwa sababu ya aibu ya sufuria. Kucheka kwake hakutegemei kutokosea kwako, mdogo wangu. Alicheka alipokuona umelala kifudifudi na ufagio. Anakujua wewe ni binadamu. Ni wewe tu hujapata habari.

Kuhusu Valérie, yale ambayo ungeweza kumwomba radhi na hukumwomba, sitayagusa. Ila sasa unajua uzito wa radhi iliyochelewa, kwa hiyo huna kisingizio.

Fanya hivi. Leo, usichemshe kitu. Kila kilichoingia kwenye sufuria kiandike kwenye karatasi, kitunguu, nyanya, chumvi, mawese, na kwa wiki ngapi, kwa huo huo mwandiko wa kuku, daktari ataomba. Anaïs akiingia, mwache avue viatu. Usimwekee chakula kwanza ili kumlainisha. Usianze na Uvira. Usianze na askari waliolipa, wala usimkumbushe kwamba alikuachia kazi peke yako. Sema: "Nilipika mimi. Nilitia kitunguu. Pardon." Halafu nyamaza. Akipiga kelele nyamaza, akilia nyamaza, akiingia chumbani akafunga mlango usimfuate na Biblia. Akitoka, mpe karatasi, ampigie daktari usiku huo huo, wala msingoje Jumamosi.

Na uje ujifunze kushika moyo wa kuku mbichi. Una mikono iliyokatakata nyama ya meza sita bandarini, usiniletee kinyaa cha uongo.

La mwisho. Barua yako imepigwa picha saluni, na saluni hakuna siri inayozidi kichwa kimoja cha kusuka. Gazeti nalo linatoka Alhamisi. Jina lako nimelificha kama ulivyoomba. La Anaïs uliliandika mwenyewe, kila mstari wa pili, na hukuniomba nilifiche, nami nimeliacha makusudi. Jibu hili nimekutumia leo Jumatatu mchana kupitia kwa Cathy huyo huyo, ambaye bila shaka ameshalisoma. Mjukuu wako anarudi jioni. Usikubali alisikie kwa msusi.

Bibi Atuganile