Mabega Yangu Yamegusa Chini

Dagoretti, Nairobi
Jumatano

Kwako Kaka Wafula,

Salamu utazipata, lakini leo zitakuwa fupi. Goti la Mama linaendeleaje? Shemeji amejifungua au bado? Na yule ng'ombe mweusi, amerudi kula? Haya. Mimi ni mzima, shingo tu ndiyo inauma nikigeuka kushoto. Ningekupigia simu, lakini kredo ingeisha kabla hasira yangu haijaisha, kwa hivyo nimenunua kalamu.

Barua yako ya miezi mitatu iliyopita nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza niliisoma nimesimama kwenye lango la machinjio, damu ya ng'ombe mpaka viwikoni, na wenzangu wakaniuliza kama kuna msiba nyumbani. Unasema nimelitia jina la baba matope. Unasema nikipigana tena kwenye kizimba, nisikuite ndugu. Kaka, mimi nakuheshimu. Wewe ndiye uliyenifundisha mieleka kule mtoni kabla sijaota meno ya pili. Lakini leo utanisikiliza mpaka mwisho, kwa sababu kosa lililoniangusha ile siku ya kwanza ni lako pia, na sijaona mahali popote kwenye barua yako umelitaja.

Unajua vile mambo yalianza. Hapa kazini, wakati wa chai, watu walikuwa wakitazama kanda za video za mapigano ya kizimba, yale ambayo ngumi, mateke, kubwagana na kunyongana vyote ni halali. Ubishi ukawa kila siku: Simiyu wetu akiingia pale itakuwaje? Miaka saba hakuna mtu wa uzani wangu aliyenilaza chali Nairobi hii. Nabeba mapaja ya ng'ombe begani tangu alfajiri, na nikimkumbatia mtu kifuani haendi popote. Wengine wakasema, "Huyu atawamaliza wote, bana!" Mzee anayenoa visu akasema, "Wapi! Mieleka yake ni ya kiunoni kwenda juu. Mguu wa mwenzake haruhusiwi kuushika, wake mwenyewe hajui kuutumia. Huko watamla mzimamzima." Nikaudhika sana. Nikasema mbele ya watu wote kwamba nitaingia.

Pale Parklands kuna kijana wa Kihindi anaitwa Harish, anafundisha mchezo huo ghorofani, juu ya duka la vitambaa. Nilipofika siku ya kwanza aliniangalia mabega, akatabasamu, akasema, "Sasa lala chali." Nikadhani ananitania. Akasema hapana, huko chini ndiko nitakakopelekwa, afadhali nipazoee mapema. Ndipo nikakuandikia. Unakumbuka ulinijibu nini? Ninayo hapa: "Mtoto wa baba yetu halali chali hata kwa mazoezi. Mwili ukizoea aibu hautaiacha." Kocha Kamau, anayetufundisha mieleka pale ukumbi wa kanisa Ngara, naye akasema hayo hayo, tena kwa matusi. Nikawasikiliza nyinyi wawili. Nikamwambia Harish anifundishe ngumi tu, na huko chini aniachie mwenyewe. Akainua mabega yake, akasema, "Sawa, ni shingo yako."

Basi nikapigana. Mpinzani wangu alikuwa Kevo, muuza viatu wa Ngara, mwembamba, ukimwona unaweza kumnunulia chakula. Dakika ya kwanza nilimkumbatia, nikamwinua, nikambwaga mpaka mbao za ukumbi zikalia. Watu wa machinjio wakaruka juu! Na mimi, Kaka, unajua nilifanya nini? Nilibaki juu yake nikingoja refa apige filimbi. Kwetu ukimbwaga mtu hivyo, umeshapata pointi zako. Huko hakuna filimbi. Kevo akanizungushia miguu kiunoni, ile miguu ambayo miaka saba sikuwahi kuifikiria, akanipindua. Nikahisi mgongo unaelekea chini, na kabla akili haijasema lolote, mwili ukajigeuza wenyewe, nikalala kifudifudi.

Hilo ndilo kosa. Kwetu sisi wa mieleka, ukilala kifudifudi umejiokoa, mabega hayajagusa mkeka. Kule umempa mtu mgongo wako, na shingo pia. Kevo alinipanda, akapitisha mkono chini ya kidevu, akanipiga kabali. Sikugonga mkeka kukubali nimeshindwa, kwa sababu nilikuwa najiambia mabega yangu hayajagusa chini, bado sijashindwa! Nikazimika nikiwa na mawazo hayo. Nilipozinduka Harish alikuwa ameinua miguu yangu, na wenzangu wa machinjio walikuwa wameshaanza kuondoka.

Wewe ukasikia, ukaandika kwamba nimewaaibisha. Hukuuliza kama napumua vizuri. Hukusema, "Ndugu yangu, nilikushauri vibaya." Hata mstari mmoja! Nimekaa na jambo hilo rohoni miezi mitatu, na leo nalitoa: ulinipeleka pale nusu mtu, halafu ukanicheka kwa kukosa nusu ile nyingine.

Nilirudi kwa Harish. Nililala chali. Kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa baada ya kazi, miezi mitatu, mimi niliyewahi kuwabwaga wanajeshi, nilikaliwa kifuani na mwanafunzi wa udaktari, msichana ambaye ningeweza kumbeba kwa mkono mmoja. Alinikunja mkono mpaka nikagonga mkeka, tena na tena, na kila mara aliniuliza, "Uko sawa, Simiyu?" Usiku sikuwa nalala vizuri kwa hasira. Lakini nilijifunza kwamba mtu akiwa juu yangu bado nina miguu miwili na nyonga, na kwamba kule kukumbatia kwangu kunafanya kazi hata nikiwa chini. Sikutupa mieleka yako, Kaka. Niliiongezea miguu.

Jumapili iliyopita, saa tisa mchana, nilipigana na Kevo tena. Sikukuambia kwa sababu nilijua utasema nini. Nilimbwaga, akanipindua vilevile, na safari hii nikajiacha. Nikalala chali mbele ya watu wote. Wale wenzangu wa machinjio walizomea! "Amelala! Simiyu amekwisha!" Kocha Kamau alikuwa amekuja. Alisimama, akavaa kofia, akatoka nje. Alikuwa bado hajafika barabarani wakati Kevo alipoleta mkono vibaya, nikaushika kwa miguu na mikono, nikainua nyonga, naye akagonga mkeka. Nimeshinda nikiwa chali, Kaka. Kwanza watu hawakujua kama wapige makofi. Yule mzee wa visu ndiye aliyeanza.

Kwa hivyo lile swali la wakati wa chai lina jibu. Bingwa wa mieleka anaweza kushinda kule, akikubali kuwa mwanafunzi kabisa na kuchekwa. Mimi nilifikiri nitakuwa na vyote viwili, kizimba Jumapili na timu ya taifa ya mieleka siku nyingine. Kocha aliniambia majina ya timu yanatajwa Ijumaa hii na langu limo, mradi niache upuuzi. Nikamwambia sitaacha chochote, aje anione mazoezini.

Jana Jumanne nikaenda Ngara. Nikapangwa na askari mmoja mgeni, mzuri lakini si wa kunitisha. Alinishika kifuani, akanivuta, nikaenda chini naye. Na sasa sikiliza, kwa maana hili ndilo nililokuwa nalizunguka tangu mwanzo wa barua hii. Mwili haukujigeuza. Ulitulia, ukafungua miguu, ukangoja mkono wake ujilete, kama Harish alivyoufundisha. Mabega yote mawili yakagusa mkeka. Kocha akapiga filimbi. Ukumbi mzima ukageuka kutazama, hata wale waliokuwa wakiruka kamba.

Ulikuwa umeniambia mwili ukizoea hautaacha. Hapo ulisema kweli, na nakuchukia kidogo kwa kusema kweli hapo tu.

Kocha alikuja akasimama juu yangu. Akasema kwa sauti ya chini, "Unaona walichokufanya?" Nikataka kumrukia. Nikataka kumwambia, "Wewe na ndugu yangu ndio mlionifanya nikazimika, mkiogopa macho ya watu." Badala yake nilivua sare ya mazoezi ya timu ya taifa, nikaikunja vizuri, nikamwekea juu ya benchi. Halafu nikatembea mpaka steji ya matatu nikilia njia nzima kama mtoto, na nakuambia wewe peke yako. Miaka saba, Kaka. Sitaivaa tena sare ile, na nilikuwa naitaka kuliko kitu chochote Nairobi hii.

Lakini kizimba siachi. Kama ni lazima nisikuite ndugu, andika hivyo tena, nami nitajua ulikuwa hutanii. Mimi nitaendelea kukuita.

Msalimie Shemeji, na mtoto kama ameshakuja. Msalimie mjomba anayetunza ng'ombe, na yule dada yetu wa posta anayefungua barua za watu. Mwambie hii naye asome yote, asiishie katikati. Mama usimfiche. Mweleze wewe mwenyewe kabla jirani hajamfikia.

Na jambo la mwisho, kwa sababu sina mwingine wa kumwambia. Nilipolala pale jana, kabla Kocha hajanifikia, nilitazama juu. Miaka saba nimefanya mazoezi kwenye ukumbi ule, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona dari yake. Imepakwa rangi ya samawati, Kaka, na mtu alichora nyota ndogo kila pembe.

Ni mimi mdogo wako, upende usipende,

Simiyu