Taa Wawili Kutoka Mbeya

Jumanne, 2 Julai 1996
Bwana Brandt ameondoka, amerudi kwao moja kwa moja. Nyumba tupu. Miaka yote nimempikia, nimemfulia, nimemlishia samaki wake — na ameniachia samaki! Taa wawili wa mtoni, dume na jike, asili yao Brazili, bapa kama ungo, mwiba mkiani. Alidhani ananipa zawadi kubwa. Kweli nawapenda. Lakini nyumbani Ifakara wanasubiri mabati na redio.
Nitaanzaje kuwaambia?

Alhamisi, 4 Julai
Nimeacha kuwalisha. Bwana alinifundisha: wakisafiri tumbo tupu hawachafui maji. Miiba nimeivisha vipande vya mpira. Pipa pana la plastiki, maji ya tangi lao lenyewe, nusu tu, juu nafasi ya hewa. Pampu ndogo ya betri. Blanketi kuzunguka pipa. Na chupa kubwa ya chai iliyojaa maji moto — maji ya pipa yakipoa, nitajaza kichupa, nikifunge, kielee humo. Baridi ya Julai huku Mbeya haina mchezo.
Kesho treni.

Jumamosi, 6 Julai
Nimefika nyumbani. Samaki wote wazima. Mama amenikumbatia, akaimba. Mimi sina uso wa kumtazama.
Niandike, labda mzigo utapungua.
Treni ilijaa. Watu wakauliza pipani mna nini, mimi nani. Nikaona haya kusema mpishi. Nikasema mtaalamu wa samaki. Basi! Heshima ikaanza, wakanipisha dirishani.
Makambako akapanda mama mmoja wa Mchombe, jina lake Paulina, ametoka kumwona binti yake aliyejifungua. Nikamwamkia. Akaitikia, akakaa karibu na pipa. Alikuwa hajawahi kusikia samaki anayefugwa asiliwe. Akacheka mpaka akafuta machozi. Nami nikataka kumwonyesha. Nikafungua kifuniko. Nikamvua yule jike mpira wake — ili watu wauone mwiba! Nikamwambia mama amguse mgongoni, hana neno.
Mkia ulirudi kama fimbo. Kidole cha kati.
Hakupiga kelele. Aliuma khanga, jasho likamtoka usoni na baridi yote ile.
Dawa yake ya kwanza ni maji moto, naijua. Kuloweka mkono mara moja, moto wa kuvumilika. Sumu inalegea. Na maji moto nilikuwa nayo, katikati ya miguu yangu. Nikawaza: nikimpa, samaki watakufa kwa baridi kabla hatujateremka bondeni. Jirani mmoja akaniuliza kama chupa ina kitu.
Nikasema tupu.
Alikaa hivyo mpaka Mlimba. Pale muuza chai alimtilia maji moto kwenye beseni, na maumivu yakashuka mbele ya macho yangu. Mkono ulishavimba hadi kiwiko.
Stesheni ya Ifakara mdogo wangu Sylvanus alinipokea na mkokoteni. Nikamwambia apeleke pipa taratibu, lisipigwe jua. Mimi nikaazima baiskeli, nikampakia Mama Paulina mpaka hospitali. Daktari akauliza imekuwaje. Nikasema aliingiza mkono mwenyewe.
Mama Paulina aliniangalia. Kisha akamwambia daktari, "Ndiyo. Mikono yangu haina adabu."

Jumapili, 7 Julai
Kanisani. Stori imeshafika: Evod wa Mbeya kambeba mgonjwa asiyemjua kwa baiskeli. Watu wananishika mkono. Komunyo sikwenda — Mama kaniuliza, nikasema tumbo.
Samaki wapo kwenye tangi la saruji la maji ya mvua. Wamekula. Sikufurahi.

Jumatatu, 8 Julai
Nilikwenda hospitali. Nikaishia getini.

Jumatano, 10 Julai
Mzee Dionisi, mumewe Paulina, amekuja na kuku na mchele mpya. Ananishukuru! Amekaa kwenye mkeka, Mama amempa uji. Anasema kidole kimeanza kuwa cheusi. Madaktari wanataka kukikata, asije akapoteza mkono mzima. Mkewe amegoma.
"Anakusubiri wewe," kaniambia. "Anasema hawa samaki wanajulikana na mtaalamu peke yake. Ukisema wakate, atakubali. Ukisema kitapona, hakatwi."
Nilifungua mdomo. Nikataka kusema mimi ni mpishi, mzee wangu. Mama akaniwahi: anakuja sasa hivi, anabadili shati tu.
Niko chumbani. Shati nimeshavaa, la Bwana Brandt, lenye mifuko miwili. Sijui kama kidole kinapona. Bwana hakunifundisha huko. Nikimwambia akubali tu, atanisikiliza kwa sababu ya uongo. Nikimwambia ukweli, je, asipomwamini mtu tena, hata daktari?
Mzee ameleta baiskeli mlangoni. Amesema nikae nyuma, ataendesha yeye, ili njiani nifikirie vizuri.
Ananiita.