Mzinga Juu ya Kaburi la Baba

Mikelenge, Kindu, tarehe 3 Juni 2024

Yaya Florentin, kaka yangu mkubwa,

Salamu toka huku kwetu, mwanangu atakutumia barua hii kwa simu. Sisi tuko, ni magoti tu yanagoma kazi. Na kifua chako? Baridi ya Brest haijakumaliza?

Yaya, tunamjengea Baba kaburi. Miaka ishirini na sita amelala chini ya udongo mtupu, tangu tulipomzika mbiombio wakati wa vita, wewe ukiwa umeshavuka kwenda Kigoma. Tutalifungua tarehe 10 Agosti. Mwanangu Didier ameandika maneno ya jiwe: «Mpiga mzinga wa manowari ya Wafaransa, 1942–1945. Makombora ishirini kwa dakika.» Juu yake fundi ataweka mzinga wa simenti.

Lakini desturi unaijua: bila neno la mutoto wa kwanza, jiwe halichongwi. Na binamu yetu Joséphine anazunguka mtaa wote wa Kasuku akisema Baba alikuwa mpishi tu kwenye ile meli, akimenya viazi. Mfunge mdomo. Andika tu: ndiyo.

Mdogo wako,
Adèle

Brest, tarehe 19 Juni 2024

Adèle mdogo wangu,

Kifua kipo, siku hizi kinakohoa Kifaransa. Pole na magoti.

Neno langu ni hapana. Ishirini! Mwanao amejifunza vita kwenye sinema. Meli za aina ile aliyopanda Baba zilikuwa na mizinga ya milimita 130, iliyobuniwa mwaka 1919. Kwenye karatasi ilipendeza: kombora la kilo karibu thelathini na tano, zito kuliko la Mwingereza, linaruka kilomita kumi na nane. Kisha wale mabwana wakaifunga nyuma kwa mlango wa kuzungusha, kama kifuniko cha chupa. Fungua, inua kombora kwa mikono, sukuma, zungusha, na huku meli inayumba. Makombora manne kwa dakika, sana sana matano. Mwingereza alipiga zaidi ya mara mbili ya hayo. Mzinga gani huo? Ni kinu chenye bendera.

Miaka kumi na moja nimelitafuta jina la Baba katika maktaba za hapa bandarini. Halimo. Wala hakuwahi kuniambia neno moja juu ya mzinga. Joséphine ana ulimi mchafu, ila safari hii amesema kweli: viazi. Chongeni jina na miaka. Simenti ya mzinga ijenge choo.

Yaya wako,
Florentin

Mikelenge, tarehe 22 Julai 2024

Yaya,

Sisi wazima. Natumaini na wewe mzima.

Nilitaka nisijibu. Unajua kilo za kombora, lakini kilo za jeneza la Baba huzijui. Tulilibeba sisi.

Didier amefuta maneno. Fundi amekaa bure. Njo vile, ndivyo ulivyosema, Baba alikuwa mpishi! Basi nieleze, mwenye maktaba, ni mpishi wa namna gani. Wewe ulikuwa kwa mapadri na vitabu vyako, shamba letu la kule Kailo ulilikataa. Sisi tulipopakia magunia ya mpunga, Baba alitupanga mstari, yeye mwenyewe wa tatu. Akishapitisha gunia anahesabu kwa Kifaransa mpaka kumi na mbili, ndipo anapitisha lingine. Ukimsukumia kwenye kumi, konzi ya kichwa: «Unataka kutuua?» Kutuua na mpunga! Watu walitucheka. Mpaka uzee wake, ndoo za maji, matofali, yote kumi na mbili.

Labda alikuwa anahesabu viazi.

Adèle

Brest, tarehe 24 Julai 2024

Adèle,

Leo sikuulizi hali. Nisamehe.

Gawanya sekunde sitini kwa kumi na mbili. Unapata tano.

Hakuna jiko linalohesabu hivyo. Kombora likifika kabla mlango wa nyuma haujafunguka, mwenzako anabaki nalo mikononi, meli inalala ubavu, na kilo thelathini na tano zinaanguka katikati ya watu. Hilo nililisoma zamani. Baba alikuwa kwenye mstari wa makombora. Nilimtafuta kwenye karatasi, kumbe alikuwa Kailo, mahali nilipokataa kwenda.

Mzinga ule naudharau bado, na leo zaidi, kwa yale uliyomfanyia mtu kichwani maisha yake yote. Lakini chongeni: «Mbeba makombora. Matano kwa dakika.» Msiongeze hata moja. Na fundi auache mlango wa nyuma wazi.

Yaya wako,
Florentin

Mikelenge, tarehe 11 Agosti 2024

Yaya wangu,

Magoti yamelala vizuri leo. Kifua je?

Jana tumelifungua. Joséphine alisoma jiwe akacheka: «Matano tu?» Kulikuwa na ndoo za mchanga za kumwaga kuzunguka kaburi, nikawapanga watu mstari, yeye nikamweka wa tatu. Ukoo mzima ukahesabu kwa sauti. Kwenye tisa akaachia ndoo, ikamwagika miguuni pa Didier.

«Mama Joséphine,» akasema Didier, «unataka kutuua?»

Yaya, nimecheka mpaka nikalia. Mahali pa kwanza kwenye mstari hatukumweka mtu. Tulihesabu kumi na mbili zako, kisha nikaanza mimi.

Mdogo wako,
Adèle